Kilo ya Mkono, Kilo ya Mashine

Mwezi wa Mei 2023, katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, mashine tisa za kuchuma majani ziliteketezwa kwa moto. Zilikuwa mali ya Ekaterra, kampuni iliyorithi mashamba ya Unilever na iliyokuwa ikiuza chai ya Lipton. Chama cha wenye mashamba makubwa kilikadiria hasara kuwa dola milioni 1.2. Mtu mmoja alipoteza maisha katika maandamano ya siku hizo, na polisi pamoja na wafanyakazi kadhaa wakajeruhiwa. Hesabu zilizotajwa wakati ule zilisema ajira 30,000 zilikuwa zimepotea Kericho peke yake ndani ya miaka kumi kwa sababu ya mashine. Mwezi wa Machi mwaka huohuo, jopo lililoundwa na serikali ya kaunti lilikuwa limependekeza kampuni zigawanye kazi: asilimia 60 ichumwe kwa mashine, asilimia 40 ibaki mikononi mwa watu.

Waajiri wana jibu lao, na wamelirudia kwa miaka mingi: mshahara umepanda mno. Mwaka 2016 mahakama ya kazi iliamua wachumaji waongezwe asilimia 30. Kampuni zikakata rufaa, huku zikisema mzigo huo utazilazimisha kununua mashine. Hoja hii si ya Kericho tu. Kila serikali inapotangaza kima cha chini cha mshahara, iwe Nairobi, Dodoma au California, yupo mtu anayesimama na kusema kwamba sheria ya kumlinda mnyonge ndiyo itakayomfukuza kazini. Naona kuna nusu ya ukweli katika hoja hiyo. Nusu iliyoachwa nje ndiyo iliyonifanya niweke sambamba historia za watu waliopitia jambo hili kabla yetu, kwa sababu nyakati na nchi zinazoonekana kutofanana hata kidogo zinaulizana swali moja.

Kwanza kazi yenyewe. Mchumaji mzuri hatazami mikono yake. Vidole vinatangulia, vinakata majani mawili na kichipukizi, vinajaza kiganja, kiganja kinarusha nyuma ya bega hadi kapuni. Anarudi kwenye mstari uleule baada ya siku saba hadi kumi na nne, kutegemea mvua. Jioni kapu linatundikwa kwenye mizani, karani anaandika kilo, na kilo hizo ndizo mshahara. Siku ya ukungu mzito majani hulowa na karani hupunguza uzito wa maji. Siku ya ukame kilo hazipatikani hata uchume kutwa nzima. Hivyo ndivyo mchumaji anavyoishi na kilo: ndiyo bei yake, kipimo chake na, mwisho wa mwezi, karo ya shule.

Sasa tazama sheria. Kenya ina amri mbili kuu za mishahara, moja ya kazi za jumla na nyingine ya kilimo. Baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya mwaka 2024, mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kilimo asiye na ujuzi maalumu, kima chake kilikuwa shilingi 7,997.33. Ni chini ya nusu. Wachumaji wa mashamba makubwa wanalipwa zaidi ya hapo, lakini si kwa hisani ya waziri. Ni kwa sababu chama chao, KPAWU, hujadiliana na waajiri na kutia saini mkataba wa pamoja. Kwa hiyo anayesema kima cha chini cha serikali ndicho kilicholeta mashine Kericho, amekosea mlango. Kilicholeta mashine, kama ni mshahara, ni ule uliopatikana kwa majadiliano na migomo. Tofauti hii ina uzito, kwa maana kilichopatikana mezani kinaweza kujadiliwa tena mezani.

Lakini je, ni mshahara? Hapa lazima tukubali kwamba mashine haiji mahali ambapo haiwezi kufanya kazi. Wembe wa mashine ya chai hupita kwa usawa mmoja juu ya kichaka. Hauchagui. Hubeba kichipukizi pamoja na jani gumu na kijiti. Kama mnunuzi anataka jani zima lililoviringishwa vizuri, mzigo huo hauna soko. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya, hata hivyo, hupitia njia ya kusaga, kurarua na kukunja iliyobuniwa Assam mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambayo hutoa punje ndogo nyeusi za kujaza vifuko vya kutumbukiza kikombeni. Ndani ya kifuko hakuna anayeliona jani. Mnywaji wa London akitaka kikombe kilichokolea kwa dakika mbili, na asijali sura ya kilichomo, basi tayari amefungua nusu ya mlango ambao mashine itaingilia. Wakulima wadogo wanaouza kupitia shirika lao, KTDA, wamejenga jina lao juu ya chai inayochumwa kwa mkono, na bei wanayotafuta kwenye mnada wa Mombasa inategemea jina hilo. Kata moja, udongo mmoja, mvua ileile, na mikono imebaki zaidi upande mmoja wa ua kuliko upande wa pili.

Mnada huo wa Mombasa una neno lake katika mjadala huu. Mwenye mkahawa akipandishiwa mishahara anaweza kuongeza shilingi 20 kwenye sahani ya pilau, na majirani zake wote wataongeza, kwa sababu sheria imewagusa wote. Mwenye shamba la chai hana sahani ya kuongezea bei. Anashindana na Sri Lanka, India na Malawi, na mnunuzi haulizi mchumaji alilipwa nini. Kila shilingi inayoongezwa kwenye kilo ya mkono lazima itoke mahali fulani ndani ya shamba. Ndiyo maana tafiti nyingi za Marekani zinazonukuliwa kwetu, zilizofanywa kwenye mikahawa, hatuwezi kuzihamisha kama zilivyo hadi kwenye mashamba. Nitazirudia baadaye kidogo.

Kabla ya hapo twende Tanga, ambako jaribio hili lilikwisha kufanyika mbele ya macho yetu.

Mkonge ulitawala uchumi wa Tanganyika kwa nusu karne. Mashamba yake yalikula watu. Waliletwa kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji kwa treni na malori, kila mmoja akiwa na namba yake, wakaitwa manamba; tangu 1944 ofisi ya waajiri iliyojulikana kama SILABU ndiyo iliyokusanya wengi wao. Mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Kipande kikijaa, analipwa. Kukata mkonge ni kazi ya kisu: unakata jani, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga matita ya majani 30, unayapanga kando ya njia ya kitoroli. Kiwandani majani yanaingia kwenye korona, mashine kubwa ya kusaga nyama ya jani na kubakiza nyuzi. Jina hilo la mashine ya Kijerumani liliingia Kiswahili na kukaa. Kwa hiyo mkonge ulikuwa na mashine tangu zamani, lakini iliishia kiwandani. Shambani, kati ya miiba, hadi leo hakuna chombo kilichochukua nafasi ya mkono na kisu.

Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa huru kwa miezi tu, kamati iliyoongozwa na D. P. Chesworth ilipendekeza kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima. Dar es Salaam kiliwekwa shilingi 150 kwa mwezi, na kwingine chini ya hapo. Viwango vikaanza kutumika 1963. Kwa nchi iliyorithi mishahara ya kikoloni, ambayo ilihesabiwa kana kwamba mwanamume ni mseja na familia yake inalishwa na jembe la mkewe kijijini, lilikuwa badiliko kubwa. Katika miaka iliyofuata idadi ya waajiriwa kwenye mashamba ya mkonge ilishuka kwa makumi ya maelfu.

Je, mashine zilinunuliwa? Shambani hakukuwa na mashine ya kununua. Wenye mashamba walifanya jambo jingine: walipunguza palizi, wakaacha mashamba yaliyochoka, wakaongeza kiwango cha kazi ya siku, wakawataka watu wa kudumu wanaojaza kipande kila mwezi badala ya manamba wanaokuja na kuondoka. Mkataji aliyebaki alilipwa vizuri zaidi na alifanya kazi nzito zaidi. Yule aliyekuwa akija kwa msimu alibaki kwao. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, bei ya mkonge duniani ikaanguka kwa sababu ya nyuzi za plastiki, na mjadala wa nani alaumiwe ukazama ndani ya anguko hilo. Wako wanaosema sheria ya 1962 iliua ajira za Tanga. Nadhani wanaisahau kamba ya plastiki, ambayo haikumwuliza mtu yeyote analipwa kiasi gani.

Tanga inanifundisha mambo mawili ambayo Kericho peke yake isingenionyesha. Mshahara unaopanda hubana kweli. Asiyekubali hilo hajapita shambani. Na mahali pasipo na mashine, mbano huo hutua juu ya mgongo wa aliyebaki, kwa sura ya matita zaidi kwa siku. Mtu akiniambia kwamba mashine ni mbaya kuliko mzigo ulioongezwa, nitamwomba kwanza azungumze na mkataji wa mkonge mwenye makovu ya miiba mikononi.

Sasa nivuke bahari hadi Uingereza, kwa sababu kila mara vijana wa Kericho wanapochoma mashine, mwandishi mmoja wa gazeti huwafananisha na wavunja-mashine wa Nottingham, wale walioitwa Luddites, kwa maana ya watu wajinga wanaopinga maendeleo. Ulinganisho huo unafaa kuliko anavyodhani anayeutoa, ila si kwa maana hiyo. Wafuma soksi wa Nottingham walioanza kuvunja vitanda vya kufumia mwaka 1811 hawakuwa wakikutana na kitu kigeni. Kitanda cha soksi kilibuniwa 1589. Babu zao na babu za babu zao walikuwa wamekitumia. Walichokipinga ni bei ya kazi iliyoteremshwa, vijana wasiofunzwa kuingizwa kwa malipo duni, na soksi mbovu za kukatwa na kushonwa zilizoharibu jina la bidhaa yao. Na vitanda vingi havikuwa vyao: vilikuwa vya tajiri wa soksi, na mfumaji alilipa kodi ya kitanda kila wiki, awe na kazi au asiwe nayo. Mtu anakodishiwa mashine itakayoshusha bei ya jasho lake, na kodi hiyo anailipa kwa jasho hilohilo.

Kuna tukio la miaka mitatu kabla, la wafumaji wa pamba wa Lancashire, ambalo halisimuliwi sana kwetu na ambalo nalitafakari mara nyingi. Mwaka 1808 walipeleka bungeni ombi la kuwekewa kima cha chini cha mshahara. Hawakuomba mashine zipigwe marufuku. Waliomba sakafu ambayo bei yao isingeshuka chini yake. Mwezi wa Mei bunge lilikataa. Maelfu walikusanyika Manchester, wanajeshi wakaitwa, mfumaji mmoja akauawa. Miaka minne baadaye, mwaka 1812, bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kumnyonga atakayevunja kitanda cha kufumia. Mwanahistoria Eric Hobsbawm aliandika mwaka 1952 kwamba uvunjaji huo ulikuwa aina ya majadiliano ya mishahara yaliyofanywa kwa ghasia, pale ambapo njia nyingine zilikuwa zimezibwa. Nikiweka 1808 kando ya 2023 naona kwamba Kenya ina sakafu ile waliyonyimwa Lancashire, ina chama halali, ina mahakama ya kazi. Bado mashine zimeungua. Sakafu ya mshahara, basi, haikutosha. Kuna jambo ambalo halikujadiliwa popote.

Nadhani ugumu wa kulijadili jambo hilo unaanzia kwenye maana ya mshahara wenyewe, na hapa mapokeo hayasemi lugha moja. Pwani yetu tumelelewa na fundisho la Mtume kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Uzito wake uko kwenye wakati na kwenye ahadi: mlichokubaliana kitoke, na kitoke sasa. Neno letu kibarua linatokana na barua, kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili adai malipo jioni. Kipande cha mkonge ni ndugu yake. Haki katika mapokeo haya ni kutimiza neno lililoandikwa kwenye karatasi.

Australia walitoa jibu jingine. Mwaka 1907 jaji H. B. Higgins alitakiwa kuamua kama mishahara ya kiwanda cha H. V. McKay, nje kidogo ya Melbourne, ilikuwa ya haki. Alikataa kuuliza kazi ya mtu inauzwa bei gani sokoni. Aliuliza mtu, mkewe na watoto watatu wanahitaji nini ili waishi kama binadamu katika jamii iliyostaarabika. Akafikia shilingi 7 kwa siku, 42 kwa wiki. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliitangua sheria aliyoitegemea, lakini kipimo chake kiliongoza mishahara ya nchi ile kwa miongo mingi. Na kiwanda chenyewe kilitengeneza nini? Mashine za kuvunia ngano, moja yake ikifanya kazi ya kundi zima la wavunaji na wapuraji. Aliyeunda mashine alipata mshahara wa kulisha familia. Aliyeondolewa na mashine hiyo shambani hakuwamo katika kesi. Nilipoligundua hilo nilielewa kwa nini Kericho inaniumiza. Sheria za mishahara humwona aliyeajiriwa. Yule ambaye jina lake limefutwa kwenye daftari la karani hana safu ya kuandikiwa.

Wapo wanaotoka hapo na kusema: basi mishahara ibaki chini, ajira zitadumu. Jibu lao linaishi Assam. Huko wazao wa watu waliopelekwa na Waingereza karne ya 19 kutoka nyanda za Chota Nagpur wanaendelea kuchuma kwa mkono, wengi wao wanawake. Mwezi wa Oktoba 2023 ujira wa siku katika bonde la Brahmaputra ulipandishwa hadi rupia 250, pamoja na nyumba, nafaka na huduma ambazo sheria ya mashamba ya 1951 ilimtaka mwajiri atoe. Kusini mwa India, Kerala, wanawake wa Munnar waligoma mwaka 2015, wakawaweka kando hata viongozi wa vyama vyao waliokuwa karibu wote wanaume, na ujira wa siku ukatoka rupia 232 hadi 301. Kusini mikasi na mashine za kushika mkononi zimeenea zaidi kuliko Assam. Naam, anayetaka kuthibitisha kwamba mshahara mkubwa huvuta mkasi atapata ushahidi wake India. Lakini atembee pia kwenye mistari ya nyumba za Assam na aulize watoto wangapi wa wachumaji wanataka kurithi kapu. Ajira inayolindwa kwa kumfanya mtu awe rahisi kuliko wembe hulindwa mpaka siku vijana watakapopata nauli ya kuondoka. Katika miaka ya karibuni hata Assam mashine zimeanza kuingia, na sababu inayotajwa ni uhaba wa watu.

Georgia, ilipokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, haikuwa na chama cha kupigania nyongeza wala mwajiri wa kulalamikia mshahara. Mashine ilikuja hata hivyo, ikapewa jina la nchi yenyewe, Sakartvelo, kwa sababu mpango wa serikali ulidai tani na tani hazikusema chochote kuhusu ladha. Ubora ukashuka. Muungano ulipovunjika na wanunuzi wakawa huru kuchagua, mashamba mengi ya chai yaliachwa yakageuka vichaka.

Japani ndiko nilikojifunza zaidi. Mikasi ya chai yenye mfuko wa kupokelea majani ilianza kutumika huko katika miaka ya 1910. Baadaye zikaja mashine za injini zinazobebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, kisha zile za kupanda kama trekta zinazoonekana Kagoshima. Vichaka vyenyewe vilikatwa vikawa na mgongo wa mviringo unaolingana na wembe. Mikono haikuondoka yote: chai za thamani kubwa za Uji bado zina wachumaji wake. Hakukuwa na moto. Mtu anaweza kusema Wajapani ni wapole, lakini sioni kama hilo ni jibu. Anayeendesha mashine pale kwa kawaida ndiye mwenye shamba, au ni jirani yake katika ushirika. Mashine ikimpa saa tatu, saa hizo ni zake. Mashine ikiokoa yeni 1,000, yeni hizo zinaingia jikoni kwake. Chombo kilekile, wembe uleule, pengine kiwanda kilekile kilichokitengeneza. Kericho kinapofika, saa tatu zilizookolewa ni za kampuni, na mchumaji anaambiwa arudi nyumbani.

Na nyumbani ni wapi? Watu wa nje husahau kwamba ardhi ya mashamba yale ilichukuliwa na wakoloni kutoka kwa Wakipsigis na Watalai, wengine wakahamishwa kwa nguvu. Kwa vizazi vitatu ajira ilikuwa ndicho kitu pekee ambacho shamba lilirudisha kwa walio nje ya ua. Mashine ilikata uzi huo wa mwisho. Ndiyo maana waliokuja na viberiti hawakuwa wachumaji peke yao. Walikuwamo vijana ambao hawakuwahi kubeba kapu na ambao, kwa jinsi mambo yanavyokwenda, hawatalibeba.

Nimesema nitawarudia Wamarekani. David Card na Alan Krueger walichunguza mikahawa 410 ya vyakula vya haraka kabla na baada ya New Jersey kupandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 mwezi wa Aprili 1992, wakilinganisha ile ya New Jersey na ile ya jirani yake Pennsylvania, na hawakuona ajira ikipungua. Mwaka 2018 Grace Lordan na David Neumark walitazama aina ya kazi badala ya idadi yake, wakakuta kwamba kima kikipanda, kazi zile ambazo mashine inaweza kuzifanya huwapungukia watu wasio na ujuzi. Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Mkahawa ule unaweza kuwa na watu kumi kama zamani na bado keshia akawa ameondoka. California ilipoweka dola 20 kwa saa kwa wafanyakazi wa minyororo mikubwa ya mikahawa ya aina hiyo mwezi wa Aprili 2024, skrini za wateja kujiagizia chakula zilikuwa tayari zimesimama milangoni kwa miaka.

Lakini utafiti ambao ningependa viongozi wetu wa vyama vya wafanyakazi waujue unahusu nyanya. Mwisho wa 1964 Marekani ilifunga mpango ulioruhusu vibarua wa Mexico kuvuna mashamba ya California. Wenye mashamba walidai nyanya zitaoza. Kumbe katika chuo kikuu cha Davis, mtaalamu wa mbegu Jack Hanna na mhandisi Coby Lorenzen walikuwa wameshughulika kwa miaka mingi: mmoja akizalisha nyanya ngumu inayoiva kwa mpigo mmoja, mwingine akiunda mashine ya kuibeba bila kuipasua. Kabla mwongo haujaisha, karibu nyanya zote za viwandani za California zilivunwa kwa mashine. Mwaka 1970 wachumi wawili, Andrew Schmitz na David Seckler, walipiga hesabu ya faida yote iliyopatikana wakaweka upande wa pili mishahara iliyopotea. Waligundua kwamba faida ilitosha kuwafidia waliokosa kazi, na bado ingebaki. Waliokosa kazi hawakufidiwa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonirudisha Kericho. Tumezoea kujadili mashine kana kwamba kuna mambo mawili tu, ije au isije, na kima cha chini kana kwamba ndicho kitasa cha mlango. Tanga, Lancashire, Georgia na Davis zinaonyesha kwamba mashine huja kwa sababu zake, ikisubiri mmea uliotengenezwa upya na mnunuzi asiyechagua, na mshahara huharakisha au huchelewesha safari kwa miaka michache. Kisichoamuliwa na wembe wala na soko ni nani atapata tofauti kati ya kilo ya mkono na kilo ya mashine. Tofauti hiyo ni fedha, inahesabika, na hivi sasa inaingia kwenye mfuko mmoja.

KPAWU na waajiri hukaa kujadili mkataba mpya kila baada ya miaka miwili. Mara nyingi mezani huwekwa asilimia ya nyongeza kwa kilo ya mkono, na magazeti huandika asilimia hiyo. Ningependa kuona vikiwekwa pia vitabu vya mashine: kila moja imekata kilo ngapi mwezi huu, imegharimu mafuta na riba kiasi gani, imeokoa nini. Ningependa sehemu ya kilichookolewa iwe na jina la mwanamke aliyeondolewa mstarini, iwe kama malipo ya kuachishwa yanayolingana na miaka yake au kama hisa ya mashine yenyewe, na nafasi za kuendesha mashine zisiwe za vijana wa kiume peke yao wakati waliokuwa wakichuma walikuwa wake kwa waume. Ningependa vijiji vinavyozunguka shamba viwe na ushirika unaomiliki mashine na kuikodisha kwa kampuni, ili kodi ya kitanda, ile iliyowala wafuma soksi wa Nottingham, safari hii itoke kwa tajiri kwenda kwa mfanyakazi.

Karani wa mizani tayari anajua kutenganisha. Kwenye mashamba yanayotumia njia zote mbili, majani ya mkono na ya mashine hayachanganywi: yana bei tofauti na kiwango tofauti cha kazi. Mzigo wa mashine nao hupimwa, tarakimu huandikwa, lori hufunga mlango na kushuka kwenda kiwandani. Hesabu iko pale, imeandikwa kwa wino, tangu siku ya kwanza mashine ilipoingia shambani.